Barua ya kuomba kazi si ombi la huruma

Kijana wa mtaa wa Iftin mjini Garissa anayetafuta kazi leo aghalabu huzungumza Kisomali nyumbani, alisoma Kiarabu duksi na Kiswahili hukitumia sokoni na shuleni. Barua ya kazi, hata hivyo, ataiandika kwa Kiingereza, lugha yake ya nne. Nimeketi katika kamati nyingi za kuwahoji waombaji kazi na nimesoma barua za vijana wa Kaskazini Mashariki kwa miaka mingi. Mara nyingi sarufi si tatizo kubwa. Kinachoziangusha ni kwamba mwandishi anasihi, ananyenyekea, anashukuru kabla hajapewa chochote, kisha anatia sahihi bila kusema anaweza kufanya nini. Unyenyekevu huo una historia, nayo inafaa kuelezwa.

Uandishi wa barua Afrika Mashariki haukuanza na Mzungu. Watu wa pwani waliandikiana kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya aina hiyo. Barua hizo zilianza kwa salamu ndefu na sifa za mwandikiwa, kisha zikaingia kwenye jambo lenyewe: deni, bidhaa au safari. Heshima ilikuwepo tele, lakini mwandishi hakujidunisha.

Ofisi ya mkoloni ilileta mtindo mwingine. Barua rasmi ya Kiingereza ilimalizika kwa mwandishi kusema ana heshima ya kuwa mtumishi mtiifu wa mwandikiwa. Kati ya maafisa wenyewe hayo yalikuwa mazoea tu. Hata waliolingana cheo waliandikiana hivyo. Kwa mtawaliwa, maneno yayo hayo yalikuwa na uzito wake kamili. Na huko kaskazini uzito ulizidi. Mwaka 1926 eneo hilo lilifungwa kisheria, na mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Shule zilikuwa chache mno. Kisomali nacho hakikupata tahajia rasmi hadi 1972, tena kwa uamuzi wa serikali ya Somalia. Basi aliyekuwa na shida alimweleza karani au mkalimani, naye akaigeuza kuwa ombi mbele ya Bwana Disii.

Hata hivyo, si wote waliokubali kuinama. Kati ya 1936 na 1941, Wasomali wa ukoo wa Isaaq waliokuwa Kenya walipinga sheria ya kodi ya kichwa iliyowaweka daraja ya chini kuliko Waasia. Walitaka kulipa kodi kubwa zaidi! Sio kwamba walipenda kutozwa. Walijua kuwa kiwango cha kodi ndicho kilichopima haki za mtu. Malalamiko yao yaliyoandikwa yalifika hadi London. Wao waliichukua barua rasmi ya mtawala wakaijaza hoja.

Uhuru haukuondoa mzigo mara moja. Hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mwaka 1963 haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigwa msasa na kupewa kadi za ziada. Mwombaji kazi alilazimika kuthibitisha uraia kabla ya kuthibitisha ujuzi. Je, ni ajabu kwamba wengi walirithi sauti ya kusihi?

Leo mlango ni mpana zaidi. Kambi za Dadaab zilizoanza 1991 zilileta mashirika yanayoajiri. Serikali za kaunti zipo tangu 2013. Chuo Kikuu cha Garissa kilichofunguka tena baada ya msiba wa 2015 kinafuzisha vijana. Kiswahili nacho ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Shuleni tunafundisha barua rasmi na wasifukazi, au sivii kama wengi tunavyoiita. Lakini hebu tazama: "Wako mwaminifu" tunayomfunza mwanafunzi ni tafsiri tu ya hitimisho la Mwingereza. Tumechukua umbo, tukasahau kufunza kazi yake.

Kazi hiyo ni kuthibitisha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na ndiyo maana vijana wetu wanaona aya kujisifu. Sawa, wasijisifu, waeleze. Aliyetunza daftari la kisima kwa miaka miwili, akigawa zamu za maji kati ya familia zenye mifugo, amesimamia rasilimali na kutatua migogoro. Aandike hivyo, kwa miaka na idadi. Aliyewatafsiria wagonjwa zahanatini kutoka Kisomali hadi Kiswahili ana tajriba ya kazi, ijapokuwa hakulipwa. Maneno kama "nitashukuru ombi langu likifikiriwa kwa huruma" yaondolewe. Mahali pake pawe na sentensi moja inayosema ataifanyia nini ofisi hiyo na yuko tayari kuhojiwa lini.

Walimu wa Kiswahili wana nafasi hapa. Mwanafunzi akizoea kwanza kujieleza hivi katika lugha anayoimudu, atakapofika kwenye Kiingereza atakuwa anatafuta maneno tu. Ujasiri atakuwa tayari anao.