Bei ya Gari na Ulimi wa Muuzaji

Ndugu msikilizaji, juma hili nazungumzia jambo linalomgusa kila aliyewahi kuweka akiba kwa miaka, kisha akaikabidhi yote kwa mtu mmoja katika muda wa nusu saa. Nazungumzia ununuzi wa gari.

Mwaka 2006 mjomba wangu, mkulima wa minazi wa Kirongwe hapa Mafia, alivuka kwenda Dar es Salaam na fedha za nazi za miaka minne. Alitaka pikapu ya kupeleka nazi zake Kilindoni. Aliipata katika yadi moja, wakapatana bei. Ikaletwa kwa jahazi, nasi tukaishusha juu ya mbao mpaka mchangani, watoto wakishangilia. Haikumaliza mwezi, gia boksi ikafa. Mjomba alipovuka tena kulalamika, aliambiwa: "Mzee, si uliikagua mwenyewe?"

Tangu siku hiyo najiuliza: bei ya haki ni ipi, na nani wa kuipanga?

Nchi yetu iliwahi kujibu swali hilo kwa sheria. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei, ikaundwa Tume ya Taifa ya Bei. Magari nayo yakawa yanaagizwa na kugawiwa na shirika la umma, State Motor Corporation. Mnunuzi hakuwa na wa kupatana naye. Aliomba kibali, akangoja zamu. Kwenye karatasi bei ilikuwa ya haki. Lakini mafuta yalipopanda bei, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya nchi, fedha za kigeni zilipungua na bidhaa zikaadimika. Bei halali ilibaki imebandikwa ukutani, bidhaa yenyewe ikapitia mlango wa nyuma.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi waliogopa, ila rafu za maduka hazikujaa kwa hofu. Mwaka 1984 Serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Pikapu zikaanza kuonekana tena barabarani. Katika miaka ya 1990 yakaingia kwa wingi magari yaliyotumika Japani, mengine yakipitia Dubai. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, hivyo usukani haukuhitaji kuhamishwa.

Foleni ya kibali ikaisha, lakini tatizo likahama. Zamani lililoadimika ni gari. Sasa linaloadimika ni habari zake za kweli. Mita ya kilometa huweza kurudishwa nyuma, kutu ikafunikwa kwa rangi. Sheria ipo: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Hata hivyo, kwa mtu wa kisiwani, kudai haki ni nauli ya kuvuka, malazi ya mjini, na shamba lisilo na mtu nyumbani. Wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri.

Hebu tutazame jirani zetu wa Jibondo, kisiwa kinachosifika kwa kuunda majahazi. Anayeagiza chombo huenda akaona mbao zikipigiliwa na pamba ikikalafatiwa. Fundi naye anajua kwamba chombo kikivuja, atakutana na mwenyewe pwani ileile, msikiti uleule. Hapo hapahitajiki tume wala msako. Bei inakuwa ya haki kwa sababu wote wawili wanakijua kinachouzwa.

Mjomba alinunua gari la pili kwa mfanyabiashara mwingine. Huyu alimwambia kabla ya kupokea fedha: "Injini nzima, lakini springi za nyuma zimechoka, na kwa mzigo wako utazibadilisha. Basi nakupunguzia." Mjomba hakupata gari lisilo na kasoro. Alipata kasoro aliyoijua, akailipia kwa kadiri yake. Mpaka leo amekwisha kuwapeleka kwa mtu huyo watu watano wa Kirongwe. Mmoja alipotaka kwenda kwingine kwa sababu ya tofauti ya laki mbili, mjomba alimwuliza: "Hiyo laki mbili itakuvusha mara ngapi kwenda kulalamika?"

Wenye yadi, mteja mliyemficha kasoro mmemla mara moja tu. Nasi wanunuzi tuna deni letu. Tukimkimbia msema kweli kwa punguzo dogo, tunamfundisha kwamba ukweli haulipi, na kesho naye atapaka rangi juu ya kutu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.