Neno likichafuka: Funzo kutoka kwa Kichina

NENO halizaliwi likiwa tusi. Aghalabu huanza likiwa safi, kisha likachafuliwa polepole na vinywa vya wanaolitumia. Historia ya Kichina ina ushahidi tele wa jambo hili, maana maandishi yake yana umri wa zaidi ya miaka 3,000.

Mosi, tuchukue neno chou. Zamani lilimaanisha harufu yoyote ile, iwe ya ua au ya mzoga. Leo Mchina akisema chou, basi ni uvundo tu.

Pili, kuna zhaoya, yaani makucha na meno. Katika Shijing, diwani ya kale ya mashairi, neno hili liliwataja askari wa mfalme, na ilikuwa sifa. Siku hizi zhaoya ni vibaraka wa mtu mwovu. Hali kadhalika goudang. Enzi ya utawala wa Song (960–1279) lilimaanisha kushughulikia jambo, likatumiwa hata katika vyeo vya maofisa wa serikali. Sasa ni shughuli chafu, mambo ya gizani.

Maneno hayo yalichukua karne nyingi kugeuka. Gongzhi je? Miaka michache tu! Neno hili ni ufupisho wa 'msomi wa umma', yaani msomi anayezungumzia masuala ya jamii. Mwaka 2004, jarida la Nanfang Renwu Zhoukan lilichapisha kwa heshima orodha ya wasomi 50 wa aina hiyo. Kabla ya mwaka kwisha, Jiefang Ribao, gazeti la chama tawala mjini Shanghai, lilikuwa limeishambulia dhana yenyewe. Baadaye mitandao ya kijamii ilipopamba moto, gongzhi likawa dhihaka: eti ni mjuaji anayetukuza ya Magharibi na kudharau ya kwao.

Hapa ndipo penye uzito. Chou lilipogeuka, hakuna aliyeumia. Gongzhi lilipogeuka, msomi mwenye swali kuhusu mambo ya umma akawa anaweza kujibiwa kwa neno hilo moja tu, hoja yake ikaachwa bila kuguswa.

Kwa hivyo, neno la kawaida likianza kutamkwa kwa kejeli, kamusi haitoshi. Tuulize pia ni nani analitamka hivyo, na ni nani ananyamazishwa nalo.