Daftari Lililotoka Wilayani

Hospitali ya Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Tiba ya wakati ule, Ulaya na hata huku, ilikuwa hewa ya mlimani, chakula na kulala. Dawa ya kwanza yenye nguvu, streptomaisini, ilikuja miaka ya 1940, ikafuatwa na isoniazidi mwaka 1952. Ungedhani shida iliishia hapo. Lakini dozi ilichukua mwaka mzima au zaidi, na mgonjwa alipata nafuu baada ya wiki chache tu. Mtu asiyekohoa tena, shamba linamsubiri, aendelee kuchomwa sindano za nini? Alirudi kwao. Miezi michache baadaye kikohozi kilimrudia, na safari hii pengine hakisikii dawa.

Kwa hiyo dawa ilikuwepo ila mpango wa kumfikisha mgonjwa mwisho wa dozi haukuwepo. Na mpango huo ulipopatikana, ulipatikana Tanzania, ndani ya serikali, mikononi mwa watumishi wa wilaya. Ni jambo ambalo Watanzania wengi hawalijui, na naona ni aibu kidogo.

Mazingira yalikuwa yamekwisha kuandaliwa. Azimio la Arusha la 1967 lilielekeza macho ya serikali vijijini, na mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 ukasogeza maamuzi karibu na wilaya. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na vyoo vikachimbwa. Ujamaa una mengi ya kulaumiwa, lakini uliacha nyuma yake kitu ambacho nchi nyingi maskini hazikuwa nacho: mtumishi wa afya mwenye mshahara wa serikali, karibu na kijiji.

Hapo ndipo alipofika Karel Styblo, daktari kutoka Czechoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Mwaka 1977, kwa msaada wa umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Kila wilaya ikapewa mratibu wake. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vituoni, kuhakikisha makohozi yanapimwa kwa darubini na dawa hazikatiki, na kushika rejista.

Rejista ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini. Kabla yake, hospitali ilijivunia idadi ya wagonjwa iliowatibu: wameingia wangapi, wamepewa dawa wangapi. Aliyetoroka alitoweka pia kwenye hesabu. Katika rejista ya Styblo kila mgonjwa aliandikwa kwa namba ya wilaya, na wote walioandikwa katika robo moja ya mwaka walifuatwa pamoja kama rika la jando. Muda wa dozi ulipokwisha, hesabu yao ilifungwa: amepona, amefariki, amehama, tiba imeshindwa, ametoroka. Mtoro alibaki kwenye jumla. Mratibu wa wilaya hakuweza kumficha, na taarifa ya kila robo ilipanda mkoani kisha wizarani ikiwa na mtoro wake ndani.

Ni daftari tu. Lakini lilimfanya mtumishi wa chini aone matokeo ya kazi yake kabla ya bosi wake kuyaona, na lilimpa sababu ya kutafuta njia. Takwimu za rejista zilionyesha wazi kwamba tiba ndefu ilikuwa ikivuja kama pakacha. Wakati huo huo majaribio ya miaka ya 1970, yaliyofanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, yalikuwa yamethibitisha kwamba rifampisini inaweza kufupisha dozi sana. Rifampisini ilikuwa ghali, na wataalamu wengi waliamini nchi maskini isiiguse. Kuanzia 1982 Tanzania iliigusa: dozi ya miezi minane, miwili ya kwanza mgonjwa akilazwa na kumeza dawa mbele ya muuguzi. Waliopona wakawa karibu wanane kati ya kila kumi.

Benki ya Dunia ilipopiga hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikitumia takwimu za Tanzania, Malawi na Msumbiji, iligundua kuwa dawa ile ghali ni miongoni mwa njia rahisi kabisa za kuokoa maisha. Shirika la Afya Duniani likauchukua mpango wa Tanzania na kuueneza kwa jina la DOTS. Inasimuliwa kwamba jina lilipatikana kwa kugeuza juu chini neno la Kiingereza la kusema simama. Ukiliandika kwa herufi ndogo utaona ni kweli. Wilaya zilizoupika hazikuingia kwenye jina.

Kisha UKIMWI ukaja kuupima mpango wenyewe. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa kwa mwaka walipanda kutoka kama 12,000 mwaka 1983 hadi zaidi ya 60,000 miaka ishirini baadaye. Wodi zilifurika na kulaza watu miezi miwili kukawa hakuwezekani. Rejista, hata hivyo, haikuacha kuandikwa.

Wazo lile lile la kumpa mtendaji namba zake lilizaliwa upya miaka ya 1990 Rufiji na Morogoro Vijijini, katika mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na Kanada. Timu za wilaya ziliwekewa mchoro mmoja: magonjwa yanayoua upande huu, bajeti upande ule. Morogoro, malaria ilibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea na ilikuwa ikipata asilimia 5 ya fedha. Waganga wakuu walipanga upya, kwa nyongeza ndogo mno ya fedha, na vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka kama mitano.

Nayo Hospitali ya Rufaa Mbeya, mwaka 2007, ilianza mbinu ya Kijapani ya watumishi wenyewe kupanga na kutunza mahali pao pa kazi, iliyokwisha kujaribiwa katika hospitali ya wanawake mjini Colombo. Kwetu ikawa S tano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Neno la kwanza huchekesha mtaani. La tano ndilo gumu, kwa sababu linadai mtu aendelee baada ya mgeni kuondoka na posho ya semina kwisha, na hapo ndipo miradi mingi ya afya nchini imezikwa.

Styblo alifariki mwaka 1998. Waratibu wake wengi ni wazee sasa, wastaafu waliotawanyika wilayani walikofanyia kazi. Kama mmoja wao ni baba yako au shangazi yako, mwombe akusimulie jinsi alivyowatafuta watoro, nawe uandike.