Chama cha Bwana Zuberi Mtemvu

Habari za TANU zimeandikwa mara nyingi, na sisi majirani wa Tanganyika tumezisoma na kuzisimulia kana kwamba ni zetu. Lakini ukiwauliza vijana ni nani aliyesimama kushindana na Mwalimu Julius Nyerere siku Watanganyika walipopiga kura ya kwanza ya kumchagua Rais, aghalabu watanyamaza. Mtu huyo alikuwa Bwana Zuberi Mtemvu, na chama chake kiliitwa African National Congress, au kwa ufupi Kongresi. Yafaa habari zake zipate nafasi katika kitabu hiki cha kumbukumbu.

Chanzo cha chama hiki ni ugomvi juu ya kura. Serikali ya Waingereza iliamua kwamba katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura awachague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Asiyewachagua wote watatu, kura yake ilikuwa bure. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu hawakufika hata 30,000. Lakini mbele ya sanduku la kura walihesabiwa sawasawa. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura hiyo. Ilimpasa mtu awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo kinachotambuliwa na serikali. Mkulima na mvuvi walibaki nje wakitazama.

TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958 kulishauri jambo hilo, na wengi walikuja na nia ya kuususia uchaguzi. Mwalimu aliwageuza. Aliwaambia kuwa wakisusia watawaachia nafasi wapinzani wao wa chama cha UTP, kilichopendwa na serikali, na mwisho mkutano ukakubali kuingia. Bwana Mtemvu, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa TANU wa siku za mwanzo, hakukubali. Alijitoa, akaunda Kongresi mwaka huo huo, na neno lake likawa kwamba Afrika ni ya Waafrika peke yao.

Kwa maoni yangu alikuwa na haki katika kuikataa kura ile, maana ilikuwa dhuluma iliyovikwa nguo ya usawa. Hata Mwalimu hakuipenda. Kosa lake lilikuwa katika dawa aliyoichagua, yaani kumpima mtu kwa rangi yake. Na matokeo yalimkana upesi: wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU, wa rangi zote tatu, walishinda, na UTP ikafa. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71. Kura za Kongresi katika nchi nzima hazikufika 1,000.

Hata hivyo, mawazo ya chama hiki hayakuwa na wafuasi wachache kama zilivyokuwa kura zake. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, wapo wabunge wa TANU yenyewe waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Mwalimu aliwakemea kwa ukali, akasema yuko tayari kujiuzulu pamoja na serikali yake kuliko kuweka rangi kuwa msingi wa uraia. Sheria ikapita kama alivyotaka.

Ikaja siku ya tarehe 1 Novemba 1962. Mwalimu alipata kura zaidi ya 1,100,000. Bwana Mtemvu alipata 21,276. Wengine hucheka wakisikia hesabu hiyo. Mimi siicheki. Mwaka huo huo ilikwisha kutungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumfikisha mahakamani, na mshindi alijulikana kabla ya karatasi ya kwanza kutumbukizwa. Watu 21,276 walitoka majumbani mwao wakamchagua mtu waliyejua atashindwa.

Mwezi wa Januari 1963 wakuu wa TANU waliamua kwamba nchi iwe na chama kimoja, na chama hicho kifungue mlango kwa watu wa rangi zote. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba pasipo mgawanyiko mkubwa katika taifa, vyama viwili huzaa fitina tu. Bwana Mtemvu alirudi TANU mwaka huo, na Kongresi ikatoweka. Mwaka 1965 jambo hilo likawa sheria. Tangu hapo karatasi ya kura ya Rais ilikuwa na jina moja, na mpiga kura akajibu ndiyo au hapana, hadi vyama vingi viliporuhusiwa tena mwaka 1992 na uchaguzi wake wa kwanza wa Rais kufanywa mwaka 1995. Kijana wa miaka 25 aliyempa Bwana Mtemvu kura yake, alipoletewa tena karatasi yenye majina ya kuchagua, alikuwa mzee wa miaka 58.