Dakika Nane za Kimya: DVD ya Babu na Historia ya Fremu 25

Babu yangu alirekodiwa Dzaleka mwaka 2011, akiwa ameketi mezani na picha kumi mbele yake. Kamera ilielekezwa mezani, si usoni, kwa sababu hakupenda kupigwa. Aliinua picha moja moja, akaeleza ni nani, ilipigwa wapi, na aliyemo aliishia wapi baada ya vita ya 1996 kule Uvira. Kila picha aliipa karibu dakika nne. DVD ilitengenezwa na kijana mmoja mjini Lilongwe, na kadi ya kamera ikafutwa ili irekodi harusi. Babu alifariki mwaka 2013. Tangu hapo DVD ile ndiyo kauli yake pekee tuliyobaki nayo.

Mama aliitazama akiwa na kalamu mkononi, akaandika majina nyuma ya picha. Tano za kwanza alizijua mwenyewe. Kuanzia ya sita alimtegemea babu. Ilipofika dakika ya 40 sauti ilikoma, lakini mkono uliendelea kuinua picha kwa dakika nane zaidi, kimya kabisa. Wajomba walitoa maelezo: mzee alishindwa kusema kwa uchungu. Maelezo hayo yalikubalika hata yakawa sehemu ya historia ya ukoo wetu. Mimi mwenyewe niliyasimulia darasani mwaka wangu wa kwanza, kama mfano wa kimya cha shahidi.

Niliyatilia shaka kwa sababu ya kofi. Mahali fulani babu anapiga meza kwa kiganja. Kofi linasikika dakika ya 10, mkono unaipiga meza dakika ya 12. Nilitafuta tukio la pili: anaangusha kikombe. Mlio uko dakika ya 30, kikombe kinaanguka dakika ya 36. Kama sauti ingekuwa imewekwa mapema tu, pengo lingebaki dakika mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hili lilikuwa linakua kwa kipimo kilekile: 12 kwa 10, 36 kwa 30. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mwendo. Picha ilikuwa inatembea polepole kuliko sauti, na sisi tulidhani mikono ile ni mizito kwa uzee.

Kipimo hicho kina historia ndefu kuliko kambi yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za umeme za Ulaya, AEG ya Ujerumani ikiwa mbele, zilishika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, na Westinghouse ya Marekani ikashika 60. Mafundi wa televisheni walifuata umeme wa nchi zao ili kioo kisipitwe na mistari ya kivuli, wakachukua nusu yake. BBC ilipoanza matangazo London mwaka 1936 ilitumia fremu 25 kwa sekunde. Marekani ilitumia 30. Makoloni yalirithi nguzo za umeme na namba zake pia. Zanzibar ilipofungua televisheni ya rangi mwaka 1973 ilitumia 25. Malawi, ambayo haikuwa na televisheni ya taifa katika miaka yote ya Kamuzu Banda, ilianza mwaka 1999, nayo ikatumia 25. Hata Zaire, iliyofuata mfumo wa Kifaransa wa rangi, ilikuwa na 25 ileile.

Marekani nayo haikubaki kwenye 30 kamili. Rangi ilipoidhinishwa Desemba 1953, ishara ya rangi ilikuwa inagongana na ya sauti, basi mwendo ukapunguzwa kwa sehemu moja katika elfu: fremu 29.97. Tofauti hiyo ni sekunde 3.6 kwa saa. DVD ilipokuja mwaka 1996 ilipokea urithi wote bila kuupatanisha: disiki ni ya mistari 576 na fremu 25, au ya mistari 480 na fremu 29.97.

Kamera iliyomrekodi babu ililetwa na ndugu kutoka Marekani. Yule kijana, akitengeneza disiki ya Malawi, alitenganisha picha na sauti, na programu yake ikazipanga fremu zote moja baada ya nyingine kana kwamba ni za 25. Sauti haina fremu, ikabaki dakika 40. Nilipiga hesabu: sekunde 2,400 mara 29.97, gawanya kwa 25, ni dakika 47 na sekunde 57. Nikatazama urefu wa picha kwenye disiki: 47:57. Kamera ya fremu 30 kamili ingetoa 48:00. Sijawahi kufurahia sekunde tatu namna ile.

Kurekebisha hakukuwa kazi kubwa. Nilitoa picha kwenye disiki, nikaiamuru programu iisome kwa 29.97, na kofi likakutana na mkono. Ndipo nilipoona tulichofanya. Kufikia dakika ya 24 picha ilikuwa nyuma kwa dakika nne kamili, yaani picha moja nzima. Babu alipoanza kumwelezea mtu wa picha ya saba, mkono ulikuwa unainua ya sita, kwa utulivu, pasipo dalili yoyote ya kosa. Mdogo wake aliyezama ziwani akapewa sura ya mwalimu jirani. Picha ya kumi haikupata neno hata moja.

Babu hakuwa amenyamaza. Ya kumi aliizungumzia kwa dakika nne, na sauti yake haitetemeki. Ni mke wake wa kwanza, ambaye mama hakuwahi kuambiwa habari zake.

Mama alizifuta alama za kalamu polepole, akaandika upya, ila nyuma ya picha ya kumi hakuandika. Nakala ya zamani ya DVD iko kwa shangazi Marekani, na wajukuu wanalijua jina la marehemu wa ziwani kwa sura ya yule mwalimu. Nimemtumia shangazi nakala mpya. Hajanijibu.