Maili za Ndege: Zinavyopatikana, Zinavyotumika na Zinavyokufa

Kila zikizungumzwa nauli za ndege lazima atokee mtu aulize: hizi "maili" ni kitu gani, na ni kweli mtu anaweza kukwea pipa bure? Jibu fupi ni kwamba zipo, na watu wanazipandia ndege kila siku, ila hilo neno "bure" limetiwa chumvi nyingi. Jibu refu ni hili hapa chini.

Na usiniambie kwamba hujawahi kupanda ndege kwa hiyo hayakuhusu. Nani anajaza fomu ya viza ya mjomba? Nani anaitwa na mama mdogo amtafutie tiketi ya Dubai kwenye mtandao? Ni wewe uliyekaa hapo kafe. Kwenye ile fomu ya tiketi kuna kisanduku kinachouliza namba ya uanachama wa msafiri, na wengi tunakiruka. Ndicho ninachokizungumzia leo.

MAILI NI NINI HASA

Mambo yalianzia Marekani. Mwaka 1978 serikali ya kule iliacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli na njia, wakaachiwa wagombanie abiria wenyewe. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines wakaanzisha mpango unaoitwa AAdvantage: ukiruka nao, wanakuandikia maili ulizoruka, zikifika kiasi fulani wanakupa tiketi. United wakajibu siku chache tu baadaye na mpango wao. Tangu hapo karibu kila shirika kubwa duniani lina wa kwake.

Mwanzoni hesabu ilikuwa rahisi, umbali ndio maili. Dar mpaka Dubai ni kama maili 2,500 hivi, basi unaandikiwa karibu hizo hizo. Siku hizi mashirika mengi yamegeuza. Yanaangalia umelipa shilingi ngapi, sio umeruka mbali kiasi gani. Delta na United walihamia huko 2015, American 2016, na Flying Blue, ambao ni mpango wa Air France na KLM, wakafuata Aprili 2018. Flying Blue walipoanza mfumo huo, mwanachama wa ngazi ya chini alipata maili 4 kwa kila euro moja ya nauli. Kwa hiyo mwenye tiketi ya bei chee anapata kiduchu hata kama kazunguka nusu ya dunia. Jina "maili" limebaki jina tu, kwa kweli ni pointi, kama zile Bonga Points ambazo Safaricom walianza kuwapa Wakenya mwaka 2007.

Sasa hapa ndipo pa kuelewa vizuri, maana wengi hawapaoni. Maili ni pesa iliyochapwa na shirika la ndege lenyewe. Kule Marekani mashirika yanaziuza kwa mabenki kwa mabilioni ya dola, benki inawagawia wateja wanaonunua vitu kwa kadi ya mkopo. Ndio maana unasoma habari za jamaa anayezunguka dunia kwenye viti vya mbele na wala hakuzipata angani, amezipata sokoni akinunua maziwa na mafuta ya gari. Biashara hiyo ni nono kiasi kwamba wakati wa Korona, ndege zimelala chini, United waliweka mpango wao wa maili rehani wakakopa dola bilioni 6.8 mwaka 2020. Mwaka huo huo Delta wakakopa bilioni 9 kwa njia hiyo, na 2021 American wakakopa bilioni 10. Jamani, rehani sio ndege, ni pointi!

Yupo na mhandisi mmoja wa California, David Phillips, ambaye mwaka 1999 aliona tangazo la kampuni ya chakula: tuma alama za bei kutoka kwenye vifungashio vyetu, upate maili. Akapiga hesabu, akagundua kuna vikopo vya pudingi vya senti 25 ambavyo ni rahisi kuliko maili vinavyozaa. Akanunua vikopo 12,150 kwa dola 3,140 hivi. Pudingi akazigawa kwa taasisi ya msaada, na watu wa pale wakamsaidia kubandua zile alama. Akaondoka na maili zaidi ya milioni 1.2. Kichwa kile!

Lakini mchapa pesa ndiye anayeamua thamani yake. Leo tiketi ni maili 30,000, kesho wanaamka wanasema 45,000, na hakuna pa kushitaki. Ndio maana nasema maili sio akiba. Ukizipata, zitumie.

HUKU KWETU

Huku Afrika Mashariki hatuna zile kadi za benki za Kimarekani zinazomwaga maili, kwa hiyo sehemu kubwa ya maili zetu inatoka kwenye kuruka kweli kweli. Kenya Airways kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya Flying Blue, siku hizi ina mpango wake unaitwa Asante Rewards. Ethiopian wana ShebaMiles. Emirates wana Skywards, ulioanza mwaka 2000. Qatar wana Privilege Club, na tangu 2022 pointi zao zinaitwa Avios, sarafu ile ile wanayotumia British Airways. Kujiunga na mipango hii ni bure na unajiunga kwenye mtandao kwa dakika chache.

Usijiunge na kila kitu ukaishia na maili 900 hapa na 1,400 pale zisizonunua hata soda. Mashirika yamejifunga kwenye vyama vitatu vikubwa: Star Alliance cha 1997, oneworld cha 1999 na SkyTeam cha 2000. Ethiopian wako Star Alliance tangu Desemba 2011, na humo wamo pia Turkish, EgyptAir na South African. Kenya Airways wako SkyTeam tangu 2010. Qatar wako oneworld tangu 2013. Emirates wako peke yao, hawamo kwenye chama chochote. Maana yake, ukiwa na namba moja ya ShebaMiles unaweza kupanda Turkish kwenda Istanbul na maili zikaingia kwenye namba ile ile. Kwa hiyo chagua chama kulingana na safari za familia yenu. Kama wanakwenda China kupitia Addis, jibu unalo. Kama ni Dubai tu, Skywards inatosha.

Kuna herufi moja kwenye tiketi ambayo karibu hakuna anayeisoma. Ukifungua tiketi iliyokuja kwa barua pepe, tafuta palipoandikwa daraja la nauli, utakuta herufi kama Y, K, L, T. Wote mmekaa viti vya nyuma, mmekula wali ule ule wa kuku, lakini herufi zenu zinatofautiana na maili pia. Kwenye mpango unaohesabu umbali, Y kwa kawaida inapewa maili zote, nauli za promosheni zinaweza kupewa robo tu au zisipewe kabisa. Chukua Dar, Addis, Guangzhou, kwenda na kurudi. Ni kama maili 12,000. Kwa herufi nzuri unapata 12,000, kwa herufi ya robo unapata 3,000. Sisemi ununue tiketi ghali kwa ajili ya maili, hiyo itakuwa akili ya kuku. Nasema tu ujue unachopata kabla wakala hajakupiga changa la macho kwamba "maili zipo za kumwaga".

Shangazi yangu anachukua mzigo Guangzhou, mambo ya viatu na mikoba. Safari tatu alikatiwa tiketi na wakala wa mjini (jina naliweka kapuni) ambaye hakumwambia hata siku moja kwamba kuna namba ya kujaza. Tulipokuja kugundua tukaomba shirika limuandikie zile za nyuma. Safari ya karibuni walikubali kwa sababu pasi ya kupandia ndege bado ilikuwa kwenye mkoba. Mbili za mwanzo wakasema muda umepita. Mashirika mengi yanatoa muda wa kama miezi 6 kudai, na yanataka namba ya tiketi pamoja na ile pasi. Kile kikaratasi mnachokitupa ukifika nyumbani, kipige picha kwanza.

Jingine la kwetu ni majina. Sisi tuna jina langu, la baba na la babu, halafu kwenye pasipoti yamepangwa kivyake. Akaunti ukaandika mawili, tiketi ikaandikwa matatu, au la babu likakaa mbele, kompyuta inaona ni watu wawili tofauti na maili haziingii. Fungua akaunti ukiwa na pasipoti mkononi, unakili herufi kwa herufi.

HIYO TIKETI YA BURE

Tuseme maili zimetosha. Unafungua ukurasa wa tiketi za zawadi, unakuta bado unadaiwa dola kadhaa. Sehemu moja ni kodi na tozo za viwanja, hizo hazikwepeki. Sehemu ya pili ni nyongeza ya shirika lenyewe, kwenye mchanganuo wa tiketi inaandikwa YQ au YR, zamani wakisema ni ya mafuta. Hii ndiyo inayoumiza. Kuna mashirika yanaiweka kubwa mpaka "bure" yako inakaribia nusu ya nauli.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Nauli ya pesa taslimu ni dola 400, tuseme. Ya zawadi inataka maili 30,000 na dola 150. Umeokoa dola 250. Gawa kwa 30,000, kila maili imekupa chini kidogo ya senti moja ya dola. Ukikuta njia nyingine inayokupa senti moja na nusu, nenda huko. Ukikuta nusu senti, lipa pesa, tunza maili. Na usizitumie kwenye vile vibegi na redio wanavyouza kwenye tovuti zao, pale mara nyingi unaliwa mchana kweupe.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba, mimi naona tiketi ya bure sio utamu mkubwa. Utamu ni mzigo. Ukiruka sana unapandishwa ngazi, na ngazi ina haki zake. Mwenye Gold ya Star Alliance, ambayo ndani ya ShebaMiles inaanzia ngazi yao ya Gold, anaruhusiwa begi moja zaidi, au kilo 20 zaidi pale wanapopima kwa kilo. Anayejua bei ya kulipia begi la ziada pale kaunta ya Guangzhou ananielewa. Safari nne kwa mwaka, begi nne za bure, hiyo ni faida unayoiona dukani kwa macho. Sasa shangazi hesabu zake za ngazi zimeanzia sifuri wakati angekuwa katikati.

Na maili zinakufa. Za Skywards zinakufa miaka 3 baada ya kuzipata. Avios za Qatar zinakufa akaunti ikikaa miezi 36 bila kuingia wala kutoka kitu, kwa hiyo hata muamala mdogo unazifufua. Weka tarehe kwenye simu.

Wasiosafiri mara kwa mara waachane na maili, wawinde nauli. Fastjet walipoanza Tanzania Novemba 2012 walitangaza Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi, watu ambao hawajawahi kuona wingu kwa juu wakapanda. Ndege zao zikasimama mwishoni mwa 2018. Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, walianza Aprili 2014 na nauli za kuanzia shilingi 2,850 za Kenya. Bei hizi za kuanzia ni za viti vichache, begi la kupakia chini mara nyingi lina bei yake, na anayekata wiki ya Krismasi hazioni kabisa. Linganisha bei ya mwisho, ile baada ya begi na kodi. Ile herufi kubwa ya nyekundu ni chambo.

Mwisho kabisa, la hapo hapo kafe. Maili zinaibwa. Akiingia mtu kwenye akaunti ya mjomba anaweza kujikatia tiketi na mjomba hajui. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi neno la siri, kataa. Ukimaliza toka kwenye akaunti, toka na kwenye barua pepe, futa ile tiketi uliyoipakua kwenye kompyuta. Na ile meseji ya "umeshinda tiketi mbili za Emirates, tuma hela ya usajili", hiyo ni ya matapeli.

Waliowahi kudai maili za nyuma wakafanikiwa, tupeni kwenye maoni mlidai shirika gani na mlitumia siku ngapi.