Jinsi ya kutambua chanzo cha tarakilishi kuzimika ghafla ukanda wa Kwale

TARAKILISHI ya mezani inayozimika bila kuagizwa ni kero inayofahamika vyema kwa wenye vituo vya intaneti, walimu na makarani wa zahanati, kutoka Ukunda na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga. Kazi ya saa nzima hupotea kufumba na kufumbua, na mara nyingi mwenye mashine hukimbilia kununua kifaa kipya kabla ya kujua kilichoharibika.

Hasara huwa kubwa zaidi pale ambapo kazi haiwezi kungoja. Tarehe 30 Juni kila mwaka ndiyo siku ya mwisho kwa mtu binafsi kuwasilisha taarifa ya kodi kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA. Wasio na tarakilishi nyumbani hupanga foleni katika vituo vya intaneti, nao msimu huo hufuata mvua za masika, wakati ambapo hewa ya Pwani imejaa unyevu.

Habari njema ni kwamba sababu za hitilafu hii si nyingi. Zinaweza kutengwa moja baada ya nyingine na mtu yeyote mwenye subira, bisibisi na daftari.

Kumbukumbu ni kitu gani?

Kumbukumbu inayozungumziwa hapa ni ile ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Si diski, ambako faili huhifadhiwa hata mashine inapozimwa. Kumbukumbu ya muda hubeba kile kinachofanyiwa kazi wakati huo tu.

Muundo wake unatokana na uvumbuzi wa Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968. Kila biti huwekwa katika kapasita ndogo inayolindwa na transista moja. Kwa kuwa kapasita hizo huvuja chaji, mashine huzijaza upya kila baada ya takriban milisekunde 64. Umeme ukikatika, yote hufutika. Ndiyo maana barua ambayo haijahifadhiwa hupotea ingawa diski ni nzima.

Kibao cha kumbukumbu kikiwa na kasoro, biti chache hubadilika zenyewe. Wakati mwingine mashine hukwama au kujiwasha upya. Wakati mwingine haionyeshi dalili yoyote, bali tarakimu iliyobadilika huandikwa kwenye diski pamoja na nyingine. Katika zahanati au ofisi ya shule, hatari hiyo ya kimyakimya ni mbaya kuliko mashine kuzimika, kwa kuwa hata nakala ya akiba hubeba kosa lilelile. Mashine inayoshukiwa kuwa na kumbukumbu mbovu haifai kutumiwa kuingiza rekodi hadi ipimwe.

Tofautisha dalili

Hatua ya kwanza ni kutazama jinsi mashine inavyozimika. Ikizima papo hapo, feni zikasimama na taa zikafifia kana kwamba plagi imechomolewa, mshukiwa wa kwanza ni umeme au joto. Ikionyesha skrini yenye ujumbe wa kosa kisha ikajiwasha upya, mshukiwa ni kumbukumbu, draiva au diski. Skrini hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya samawati, lakini katika matoleo ya Windows 11 yaliyosasishwa tangu mwaka 2025 ni nyeusi.

Ikishindwa kuwaka na badala yake ikatoa milio mifupi au mirefu, huenda kibao cha kumbukumbu kimelegea au kimekufa. Maana ya milio hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo ni vyema kusoma kijitabu cha bodi kuu.

Windows pia ina daftari lake la matukio, ambalo hufunguliwa kwa programu iitwayo Event Viewer. Tukio la Kernel-Power lenye nambari 41 lina maana kwamba mashine iliwaka upya bila kuzimwa ipasavyo. Halitaji chanzo, lakini ndani yake kuna thamani iitwayo BugcheckCode. Ikiwa ni sifuri, mara nyingi umeme ulikatika au mashine ilikwama kabisa. Ikiwa ni nambari nyingine, mfumo wenyewe uligundua kosa. Tukio nambari 1074 huonyesha kwamba mtumiaji au programu, kwa mfano ile ya kusasisha Windows, ndiyo iliyoagiza mashine izimwe. Hapo hakuna kilichoharibika.

Anza na umeme

Kabla ya kufungua mashine, chunguza soketi. Umeme wa Kenya hutolewa kwa volti 240. Balbu zikififia na kung'aa kwa zamu, au feni ya darini ikibadili mwendo, tatizo liko nje ya tarakilishi. Uliza majirani, nao wakiathirika, taarifa ipelekwe kwa Kenya Power kupitia nambari 97771. Nyumba moja tu ikiathirika, aitwe fundi wa umeme akague nyaya, hasa waya wa ardhi.

Kukatika kwa umeme si jambo la mtaa mmoja pekee. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, na hali hiyo ikajirudia Novemba na Desemba mwaka huohuo. Mara nyingi madhara hutokea umeme unaporudi kwa mshindo. Ni busara kuchomoa plagi wakati wa giza na kungoja dakika chache baada ya umeme kurejea. Wakati wa radi, kebo ya intaneti pia ichomolewe, kwani radi hupitia humo vilevile.

UPS husaidia, lakini si kila UPS hupatana na kila mashine. Zile za bei nafuu hutoa umeme ambao mawimbi yake si laini kama ya gridi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hukataa umeme huo na kuzima. Mashine inayozimika sekunde ileile UPS inapoanza kazi yaelekea ina tatizo hilo, au betri ya UPS imechoka.

Pawasaplai, kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani, nayo huchakaa. Waya wake wa volti 12 unapaswa kutoa kati ya 11.4 na 12.6. Kipimo hicho kifanywe na fundi, na kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye na ujuzi, kwa kuwa ndani yake husalia chaji ya hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Joto, vumbi na chumvi

Mashine inayozimika baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, kisha ikakataa kuwaka hadi ipoe, karibu kila mara inalalamikia joto. Prosesa hupunguza kasi na hatimaye huzima ili isiungue, kwa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi.

Katika ukanda wa Diani na Msambweni, upepo wa kusi na kaskazi huleta chembe za chumvi kutoka baharini. Ndani ya kasha, chumvi huchanganyika na vumbi na unyevu, ikashika mapezi ya kupozea na kutia kutu kwenye pini. Mijusi na sisimizi nao hupenda joto la kasha, na mjusi mmoja aliyekwama kwenye bodi anaweza kusababisha shoti.

Zima mashine, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iishe, kisha toa vumbi kwa brashi laini au hewa ya kupuliza. Zuia feni kwa kidole isizunguke. Krimu ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na kipozajoto ibadilishwe. Mashine iliyotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la nje isiwashwe papo hapo. Matone ya maji hujikusanya juu ya vyuma baridi, na saa kadhaa za kungoja huepusha hasara.

Kupima kumbukumbu

Windows ina kipimo chake, Windows Memory Diagnostic, ambacho hufunguliwa kwa kuandika mdsched katika sehemu ya kutafutia. Kipimo kikali zaidi ni Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kuwashwa kabla ya Windows. Iachwe usiku kucha, mashine ikiwa kwenye UPS. Kosa hata moja linatosha kuonyesha kwamba kumbukumbu haiaminiki. Kukosekana kwa kosa hakuthibitishi kuwa kibao ni kizima, ila hupunguza shaka.

Makosa yakionekana, zima mashine, gusa chuma kitupu cha kasha ili kutoa umeme tuli mwilini, kisha toa vibao vyote. Safisha meno yake ya dhahabu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili. Kufuta kwa ufutio wa penseli, desturi iliyozoeleka, hukwaruza dhahabu na kuacha makapi. Rudisha vibao hadi klipu zishike. Mara nyingi dawa huwa hiyo tu, kwani kutu ndogo ilikuwa imezuia mgusano.

Tatizo likiendelea, rudisha kibao kimoja na upime. Kisha weka kibao kingine katika mwanya uleule. Kosa likikifuata kibao kila kinapowekwa, kibao ndicho kibovu. Likibaki katika mwanya mmoja bila kujali kibao, kasoro iko kwenye mwanya au bodi kuu, na kumbukumbu mpya haitasaidia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kilichoponya.

Kabla ya kununua au kumwita fundi

Aina za kumbukumbu haziingiliani. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo mahali tofauti, na kibao kisichoingia hakipaswi kulazimishwa. Kuchanganya vibao vya kasi tofauti hukubalika mara nyingi, lakini ni chanzo cha makosa kwa baadhi ya bodi. Mwuzaji akubali kibao kirudishwe iwapo kitashindwa kipimo.

Katika mashine kuukuu, fundi aangalie pia kapasita za bodi kuu. Mitambo mingi iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitumia kapasita duni ambazo huvimba kichwani na kuvuja. Mashine yenye kapasita zilizovimba huonyesha dalili zilezile za kumbukumbu mbovu.

Iwapo mashine ina rekodi za wagonjwa au wanafunzi, diski itolewe na kubaki ofisini kabla ya mashine kupelekwa dukani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa anayetunza taarifa hizo wajibu wa kuzilinda, hata akiwa na haraka. Kumbukumbu ya muda haina siri ya kuhofia, kwani umeme ukishatoka yaliyomo hufutika.

Hatimaye, kila tukio liandikwe: tarehe, saa, kilichokuwa kikifanyika, hali ya umeme na ujumbe ulioonekana. Kurasa mbili za daftari hilo zaweza kumwonyesha fundi kwamba mashine huzimika saa nane mchana pekee, au kila jokofu la jirani linapowaka, na kumwepusha mwenyewe na gharama ya kununua kifaa ambacho hakikuwa na kosa.